Ng'ombe wa Karagwe na Hesabu ya Ndama

Mgeni akifika katika nchi yetu ya Karagwe na Kyerwa, akapita vilimani kutoka Murongo, ukingoni mwa mto Kagera, mpaka Nyakahanga na Bugene, na akauliza habari za utajiri wa mtu fulani, hataambiwa kwanza habari za nyumba yake wala za fedha yake. Ataambiwa hesabu ya ng'ombe wake. Fulani ana arobaini, fulani ana mia, fulani alikuwa na mia akabaki na kumi. Hesabu hii kila mtu aijua, hata watoto.

Siku moja tuliwauliza watoto darasani, "Kwenu mna ng'ombe wangapi?" Mikono yote ikainuka. Tukauliza tena, "Mwaka huu wamezaliwa ndama wangapi, na majike wangapi hawakuzaa?" Mikono ikashuka. Akabaki mtoto mmoja tu, ambaye huchunga siku zote zisizo za shule, akasema, "Mwalimu, kwetu majike ni tisa. Wamezaliwa ndama watatu, na wa nne alitoka kabla ya siku zake, kwa sababu mama yake alipigwa mbio kwenda majini." Tukamshukuru, tukaendelea na somo, lakini neno lake halikututoka moyoni.

Wasomaji wapenzi, labda wengine watauliza, mambo ya zizini yamhusu nini mtu aliyekwisha kusoma? Twajibu kwamba yamhusu sana. Nchi hii imejengwa juu ya ng'ombe, ikaanguka kwa kufa kwa ng'ombe, ikainuka tena kwa kuzaa kwa ng'ombe. Na tukiichungua historia hiyo, twaona jambo moja lililo wazi: kundi halijengwi na wingi wa vichwa, hujengwa na ndama, na ndama hapatikani kwa mama aliyeteswa. Hayo ndiyo tutakayojaribu kuyaeleza.

Tuanze na zamani. Wazee husimulia kwamba ufalme wa Karagwe ulianzishwa na Ruhinda, baba wa ukoo wa Wahinda, na makao ya wafalme yalikuwa Bweranyange. Wanyambo walilima migomba na mtama, Wahima walichunga. Mkulima alihitaji samadi kwa mgomba wake, na mchungaji alihitaji ndizi na nafaka. Hivi jembe na fimbo ya kuchungia vilikaa katika nchi moja. Ng'ombe wenyewe walikuwa wale wa pembe ndefu, ambao siku hizi huitwa Ankole. Hata katika vyombo vya heshima vya mfalme walikuwamo ng'ombe, waliofanyizwa kwa madini na mikono ya wahunzi. Henry Morton Stanley aliviona vitu hivyo mwaka 1876, alipomtembelea mfalme Rumanyika, akaviandika katika habari za safari yake.

Kabla yake walikuwa wamefika Waingereza wawili, John Hanning Speke na James Grant, mwezi wa Novemba 1861. Speke alikaa mpaka Januari 1862, akaenda Buganda. Grant alizuiwa na ugonjwa wa mguu, akabaki Karagwe mpaka Aprili. Katika kitabu chake Speke alistaajabia sana wake wa jamaa ya mfalme, walionyweshwa maziwa mchana kutwa mpaka wakanenepa wasiweze kusimama. Watu wengi waliosoma habari hiyo wamecheka. Lakini mchungaji akiisoma, haangalii unene wa wake, huangalia maziwa. Kwa kuwa ng'ombe wetu hana maziwa ila amezaa. Nyumba inayokunywa maziwa asubuhi na jioni, mwezi baada ya mwezi, ni nyumba ambayo majike yake yazaa mmoja baada ya mwingine bila kukoma. Basi maziwa yale ya Rumanyika yalikuwa ushahidi wa ndama, na ndama walikuwa ushahidi wa utunzaji.

Utunzaji wenyewe ulikuwaje? Wachungaji wa zamani hawakuwa na josho wala sindano, lakini walikuwa na desturi zao. Jioni waliwasha moto wa moshi mwingi zizini, ili inzi na mbu wasiwasumbue ng'ombe. Waliwatoa kupe kwa mikono. Walimwita kila ng'ombe kwa jina lake, kwa rangi yake na kwa pembe zake, nao waliitika. Waliwatafutia chumvi. Ndama wachanga walilala nyumbani pamoja na watu, mbali na baridi na fisi. Wakati wa kukama, ndama aliletwa kwanza anyonye kidogo, ndipo mama akaachia maziwa kwa utulivu. Na ndama akifa, ngozi yake ililetwa mbele ya mama ili moyo wake utulie. Tena waliwasifu ng'ombe kwa mashairi, kama watu wengine wasifuvyo mashujaa.

Hatusemi kwamba zamani hapakuwa na kosa. Walikuwako wachungaji wakali, na ng'ombe wengi walikufa kwa magonjwa ambayo leo yana dawa. Lakini neno hili twaliona: mtu aliyemjua kila ng'ombe kwa jina, alijua pia kama amezaa au hakuzaa.

Kisha likaja pigo kubwa. Mwaka 1887 ugonjwa wa sotoka uliingia upande wa Eritrea, pamoja na ng'ombe walioletwa kwa ajili ya majeshi ya Kitaliano. Ukashuka kusini kama moto wa nyikani. Kufikia mwaka 1891 ulikuwa umekwisha kuzipiga nchi za maziwa makuu, na Karagwe pamoja nazo. Ng'ombe walitokwa na machozi na kamasi, midomo ikachubuka, wakaharisha, wakafa kwa siku chache. Na majike yenye mimba yaliyosalia yalitupa mimba. Katika sehemu nyingi za Afrika ya Mashariki yakadiriwa kwamba walikufa ng'ombe tisa katika kila kumi. Mtu aliyelala tajiri aliamka maskini. Watoto walioishi kwa maziwa walikosa maziwa, na migomba ikakosa samadi. Njaa na ndui vikafuata nyuma.

Lakini msiba haukuisha hapo. Ng'ombe alipotoweka, hapakuwa na wa kula majani, na watu walipopungua hapakuwa na wa kufyeka. Vichaka vikaota mahali palipokuwa malisho. Wanyama wa mwitu, ambao nao walikuwa wamekufa kwa sotoka, waliongezeka upesi kuliko ng'ombe. Na kwa vichaka na wanyama wakaja mbung'o. John Ford, mtaalamu wa habari za mbung'o, aliyeandika historia ya Karagwe pamoja na R. de Z. Hall mwaka 1947, alilieleza jambo hili kwa bidii, na katika kitabu chake kikubwa cha mwaka 1971 akalipanua kwa Afrika nzima: kwamba watu na ng'ombe, wakikaa kwa wingi na kwa utaratibu, ndio wanaoizuia nchi isiwe ya mbung'o; na wakiondoka, mbung'o hutawala.

Hapa natutue kidogo tufikiri. Ugonjwa wa nagana, uletwao na mbung'o, hauui tu. Ng'ombe jike aliyeugua hukonda, akakosa joto lake la kuhitaji dume. Mwenye mimba huweza kuitupa. Na fahali mbegu yake huharibika. Basi waliobaki hai baada ya sotoka walizuiwa wasizae. Kwa sababu hiyo malisho mengi ya Karagwe yalikaa matupu kwa miaka mingi. Nchi haikukosa ng'ombe kwa kuwa wote walikufa siku moja. Ilikosa ng'ombe kwa kuwa waliosalia hawakuweza kuzaa upesi kuliko kufa.

Wokovu ulikuja polepole. Vichaka vilifyekwa, dawa za nagana zikapatikana, majosho yakajengwa ili kuua kupe waletao ndigana kali. Huko Muguga, katika nchi ya Kenya, Walter Plowright na wenzake walitengeneza chanjo bora ya sotoka, ambayo ilianza kutumika katika miaka ya 1960. Na mwaka 2011 ikatangazwa kwamba sotoka imekwisha duniani kote. Kwa maradhi ya watu ni ndui peke yake iliyokwisha hivyo. Kwa maradhi ya wanyama, sotoka ndiyo ya kwanza. Wajukuu wa wale waliozika mifugo yao wameuona mwisho wa adui huyo.

Makundi yakaongezeka. Ranchi ya taifa ya Kitengule ikafuga ng'ombe wa nyama. Wafugaji waliokimbia machafuko ya Rwanda, tangu mwaka 1959 na kuendelea, waliingia na mifugo yao, na wengine wakaja kutoka mikoa mingine wakitafuta majani. Watu nao wakaongezeka, mashamba ya migomba, maharage na kahawa yakapanda vilimani. Mwaka 2012 wilaya ya Kyerwa ikatengwa na Karagwe. Mwaka 2019 mapori ya akiba ya Rumanyika, Ibanda na Burigi yakafanywa kuwa hifadhi za taifa, ambamo ng'ombe haruhusiwi kuchungwa. Hatuandiki hayo kwa kulalamika, kwa kuwa wanyama wa mwitu nao ni mali ya nchi. Twasema tu kwamba malisho leo ni haba kuliko ya Rumanyika. Njia ya babu zetu, ya kuhama majani yakiisha, imefungwa pande nyingi.

Na katika uhaba huu tumeingia katika kosa. Dawa imetuzoeza kuamini kwamba ng'ombe asiyekufa yu salama. Twahesabu vichwa, twaridhika. Lakini ng'ombe aweza kuwa hai, akasimama zizini miaka miwili bila kuzaa, akala majani ya mwenzake, akanywa maji ya mwenzake, na mwenyewe akahesabiwa kuwa mali. Je, huyo ni mali?

Wataalamu wa nchi nyingine wamelifikiri sana jambo la hali ya wanyama. Mwaka 1965 huko Uingereza, baraza lililoongozwa na Profesa Brambell lilitoa taarifa juu ya wanyama waliofungiwa katika vizimba visivyowapa nafasi hata ya kugeuka. Kutoka katika mawazo hayo zikatangazwa baadaye haki tano, ambazo sasa zajulikana ulimwenguni: mnyama asiwe na njaa wala kiu, awe na mahali pa kukaa pasipomtaabisha, asiwe na maumivu wala ugonjwa, aweze kufuata tabia yake ya asili, na asiishi katika hofu. Nchi yetu nayo ilitunga Sheria ya Ustawi wa Wanyama mwaka 2008, ikakataza kuwatesa.

Wengi wetu tukisikia hayo husema, "Hayo ni ya ng'ombe wa vizimbani huko Ulaya. Wetu wako malishoni, wako huru." Ndugu, tuangalie vema. Ng'ombe anayetembezwa saa nyingi kiangazi, Juni mpaka Agosti, kwenda majini na kurudi, hana uhuru na kiu. Anayebeba kupe masikioni na chini ya mkia hana uhuru na maumivu. Anayepigwa fimbo ya uti wa mgongo kila afikapo mlangoni mwa zizi hana uhuru na hofu. Uwanda mpana haumfanyi mnyama kuwa huru.

Sasa tuonyeshe jinsi mateso hayo yamfikiavyo ndama ambaye hajazaliwa.

Kwanza, njaa. Mimba ya ng'ombe ni siku 280 au zaidi kidogo. Mwaka una siku 365. Basi ng'ombe akitaka kuzaa kila mwaka, hubaki na siku 80 hivi za kupona baada ya kuzaa, kupata joto, na kushika mimba tena. Mwili uliokonda hauwezi. Hutumia kwanza chakula chake kwa kuishi, kisha kwa maziwa ya ndama aliyepo, na mwisho kabisa kwa mimba mpya. Mbavu na mifupa ya nyonga ikionekana kwa mbali wakati wa kuzaa, tusitazamie mimba mpya upesi. Na hapa pana jambo la malisho yetu wenyewe: mahali palipochungwa mno na kuchomwa moto kila mwaka huota yale majani magumu yenye harufu kama mchaichai, ambayo ng'ombe hayataki. Mlima huonekana wa kijani, na ng'ombe wana njaa.

Pili, ugonjwa. Nagana tumekwisha kuitaja. Uko pia ugonjwa wa kutupa mimba, ambao huambukiza kwa kondo na maji ya uzazi, nao humpata hata mtu anayemsaidia ng'ombe kuzaa kwa mikono mitupu au anayekunywa maziwa yasiyochemshwa. Jike likitupa mimba, wengi huwaachia mbwa ile mimba iliyotupwa. Yafaa ifukiwe ndani sana au ichomwe, mikono ikingwe, na bwana mifugo aitwe.

Tatu, hofu. Mnyama aliyeogofywa, mwili wake hutoa vitu katika damu vimwezeshavyo kukimbia na kupigana. Na vitu hivyo hivyo huzuia vile viletavyo joto na kupevusha yai. Joto la ng'ombe hurudi kila siku 21 hivi, na hudumu saa chache tu, pengine chini ya siku moja. Kundi lililofukuzwa mchana kutwa, likafungwa usiku katika zizi la tope lililosongamana, litamficha jike mwenye joto, na saa zake zitapita. Siku nyingine 21 zimepotea. Lile pigo alilolieleza mtoto wetu darasani lilikuwa la dakika chache, na gharama yake ni mwaka mzima.

Nne, fahali. Fahali mmoja mzima atosha majike 25 hata 30. Akiwa mlemavu wa mguu, au mzee, au mgonjwa, majike yote yatahesabiwa kuwa tasa bila kosa lao. Na fahali akikaa miaka mingi katika zizi moja atawapanda binti zake, na uzao utadhoofika. Wazee walibadilishana mafahali na jamaa zao; desturi hii si ya kuachwa.

Na tufanye hesabu, kwa kuwa sisi ni walimu. Ng'ombe wa kwanza aliachwa akakonda tangu utoto. Alizaa mara ya kwanza akiwa na miaka 4, kisha kila miaka 2, mpaka alipofikia miaka 12. Atakuwa amezaa ndama 5. Wa pili alipata majani, maji na utulivu. Alizaa akiwa na miaka 3, kisha kila baada ya miezi 15, mpaka miaka hiyo hiyo 12. Atakuwa amezaa ndama 8. Wote wawili walikula majani ya nchi moja, wote wawili walihesabiwa kichwa kimoja kimoja. Tofauti yao ni ndama 3. Mtu mwenye majike 20 atakuwa amepoteza ndama 60, wala hakuna mwizi aliyeingia zizini mwake.

Mzee mmoja tuliyemweleza hayo alitujibu kwa hekima, nasi hatutaki kulificha jibu lake. Alisema, "Mwalimu, wewe hukuisikia sotoka kinywani mwa babu yako. Mwenye ng'ombe mia alibaki na kumi. Mwenye kumi alibaki na mmoja, na huyo mmoja akawa dume. Wingi ndiyo akiba yetu." Neno hili lina kweli, na asiyelijua hataelewa kwa nini wafugaji hawapendi kuuza. Hofu ya mwaka 1891 imerithiwa kama vile ng'ombe wenyewe walivyorithiwa.

Lakini tulimwuliza, "Baba, kati ya hao kumi waliobaki, nani aliyelijaza zizi tena?" Akanyamaza, akacheka, akasema, "Waliozaa." Basi hapo ndipo tulipopatana. Akiba ya kweli ni jike mzima anayezaa. Majike kumi yenye afya, yaliyotulia, ni akiba kubwa kuliko ishirini yaliyokonda, ambayo kiangazi kimoja kikali chaweza kuyaangusha yote. Kumwuza jike aliye tasa na dume asiye na kazi, akiwa bado ana nyama, ni kuwaachia majani wale watakaozaa. Na fedha yake yaweza kuchimba kisima au kununua dawa ya kupe.

Haya hayahitaji mali nyingi. Mchungaji aweza kuweka fimbo chini na kuita kwa sauti, kama walivyofanya wa zamani. Mwenye zizi aweza kulipanua na kuondoa tope. Kijiji chaweza kupatana kupumzisha sehemu ya malisho wakati wa mvua, ili majani yawepo kiangazi. Jike lililokaribia kuzaa laweza kuchungwa karibu na nyumbani, lisitembezwe mbali na wengine. Ndama waweza kuogeshwa na kuchanjwa mapema. Ndigana kali sasa ina chanjo.

Na sisi wenye kusoma tuna kazi yetu. Kila nyumba ina mtoto mwenye daftari. Aandike humo jina la kila jike, siku alipopandwa, siku alipozaa, au siku alipotupa mimba na sababu yake kama yajulikana. Mwisho wa mwaka baba asomewe. Wazee walilibeba daftari hilo kichwani, wakamjua kila mmoja kwa jina lake. Sisi tumeongeza ng'ombe, tukaacha majina.

Yule mtoto wetu amekwisha kuanza. Juzi alituonyesha ukurasa wake: majina tisa, na mbele ya jina la yule aliyetupa mimba ameandika kwamba baba yake amekubali asipelekwe tena majini pamoja na kundi, bali achotewe maji nyumbani mpaka apone. Kazi ya kuchota ni ya mtoto mwenyewe, asubuhi kabla ya kengele ya shule. Hatukumsikia akinung'unika.